Herufi Zilizokataa Kutoka

Juzi mjukuu wangu alinipeleka mkahawa mpya hapa Muraqqabat, Dubai. Kibao chake kina herufi nene, zimechubuka kama zilizosuguliwa kwa jiwe.

“Bibi, ni mtindo huo,” akacheka. “Wamelipa pesa ili herufi zionekane zimechakaa!”

Nikakosa hamu ya kula.

Nilikumbuka mchana mmoja utotoni, kabla sijajua kusoma. Mama alikuwa akifua mfuko wa unga, wa kitambaa cheupe, ili tumzike nao mdogo wangu Tatu. Sanda hatukuwa nayo. Nakumbuka harufu ya sabuni ya mche, na mama akisugua bila kupumzika. Herufi nyeusi zilififia tu, hazikutoka.

“Mama, usifute,” nikamwambia. “Si jina lake hilo? Mungu atamjuaje?”

“Nyamaza wewe!” shangazi akanikemea.

Mama akaacha kusugua. “Mwache, wifi. Ndilo jina lake.”

Nikafurahi, mjinga mimi.

Kusoma nilijifundisha mwenyewe ukubwani, jikoni kwa madam niliyemfanyia kazi za ndani, na leo nina kampuni yangu ya usafi. Siku nilipoweza kuunganisha herufi, zile za mfuko zilinijia zenyewe. Tatu tulimzika ameandikwa kifuani: UNGA WA NGANO, DARAJA LA PILI.