Mwamba wa Kusagia Wimbi

Kageha alianza kupasua kokoto Obunga, mtaa wa Kisumu, tangu Dolphine akiwa wa kubebwa mgongoni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtajia binti yake milima ya Maragoli. Milima yenyewe inaonekana kutoka Kisumu asubuhi kusipokuwa na ukungu, lakini Kageha aliipa mgongo. Alipofiwa na mumewe alirudi kwao huko milimani na mtoto, naye kaka yake Adagala akamwambia mlangoni, bila hata kumkaribisha maji, kwamba binti aliyeolewa hana pa kujenga. Siku hiyo aliapa kutopataja tena kwao.

Basi Jumanne moja lori likamwaga mawe, na moja likamfanya aweke nyundo chini. Lilikuwa na shimo laini la mviringo, na kando yake kishimo kidogo. Kilikuwa kipande cha mwamba wa uani kwao! Kila mke aliyeletwa katika boma lile alisagia wimbi kwenye shimo hilo, akiimba, na jiwe likaliwa kidogo kidogo na mikono yao. Kishimo kilikuwa cha wasichana. Hapo ndipo Guku, bibi yake, alipomfundisha nyimbo za Kimaragoli na majina ya wanawake wote waliosaga kabla yake.

Akampigia simu Adagala.

"Umeuza mwamba wa Guku?"

"Ulikuwa unakula shamba bure. Vijana wangu walime wapi, juu ya mawe? Na wewe unauliza kama nani?"

Simu ikakatika. Kilichomuuma Kageha zaidi ni kwamba kaka yake hakusema uongo. Shamba lile lilikuwa limegawanywa mpaka halitoshi hata kufuga mbuzi.

Akalisukuma jiwe pembeni, akalifunika gunia. Hili silipasui, alijiambia. Angeliweka mlangoni kwake, kisha amketishe Dolphine amsimulie yote, hata kama ni kuchelewa. Akaenda kuazima mkokoteni kwa Waswa, jirani yake, bila kumweleza mtu yeyote, hata Dolphine. Ndivyo alivyozoea, kumeza kila kitu.

Aliporudi akisukuma mkokoteni alimkuta Dolphine anajifuta jasho, nyundo mkononi, gunia limekunjwa vizuri kando.

"Mama, Ochieng wa lori alikuja akifoka, anataka mawe yote iishe saa hii. Hiyo kubwa nimekumalizia. Ilikuwa imeliwa katikati, haikunisumbua hata."

Kageha aliuachia mkokoteni. Aanzie wapi? Binti huyu hakujua hata kwamba mama yake aliwahi kuwa na Guku. Adagala alimnyima shamba, sawa, lakini milima Dolphine alinyimwa na mama yake mwenyewe.

"Vipande vyake viko wapi?" aliuliza.

Dolphine akamtazama kwa mshangao, kisha akaonyesha rundo lote kwa nyundo.

"Si nimechanganya na zingine? Kokoto ni kokoto, Mama."