Banda la Kuku Katikati ya Barabara

Wenzangu, nichekeni polepole. Juzi tu nilipokelewa katika chama cha wapangaji miji, na Jumamosi chama kikanituma kwetu Kibwezi nieleze watu kazi yake. Nilifurahi hadi nikavaa tai kwenye joto lile!

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mwaitu, mama yangu mzazi, alikaa mbele akiwaambia majirani, "Yule ni wangu."

Nikaanza kwa moto. "Chama chetu ndicho kinamchunga mpangaji! Akimwambia mtu ajenge juu ya barabara, tunamwita, tunamhoji, tunamfukuza!"

Makofi! Hata mwenyekiti wa chama, mama mkali niliyekuja naye, alitabasamu.

Makofi yakanilevya. Nikawasha projekta, nikaonyesha picha ya mji iliyopigwa na droni, nikatafuta mfano. Huu hapa! Banda la kuku limekaa katikati ya barabara iliyopangwa, limetulia kama bwana harusi.

"Tazameni! Ni mpangaji gani kipofu aliruhusu hii?"

Majirani wakamgeukia Mwaitu. Nikaikuza picha ili waone vizuri. Tangi la bluu. Kamba ya nguo. Shuka langu la maua, limeanikwa.

Kumbe ukiangalia kutoka juu, hata kwenu hupajui!

Mwaitu akasimama. "Mwanangu, si ni wewe ulipima hapo Krismasi, ukasema wewe ni mpangaji, hakuna shida?"

Mwenyekiti akavua miwani, akanigeukia taratibu.

"Ulisema tunamwita, tunamhoji, halafu tunamfanya nini?"