Chupa Isiyokauka

Gaspar Fragoso alikuwa sakristani, mtunza vyombo vya kanisa, wa Vilarinho, milimani kaskazini mwa Ureno, na watu walimsifu kwa jambo moja: chupa yake ya mafuta matakatifu ya kupaka wagonjwa haikukauka.

Parokia za jirani zilikauka zote. Tangu Wareno wamkatae mfalme wa Uhispania na kujiwekea mfalme wao, Papa, kwa kumwogopa Mhispania, hakumthibitisha hata askofu mmoja aliyependekezwa na mfalme huyo mpya. Maaskofu wa zamani wakafa mmoja mmoja, na bila askofu hakuna wa kubariki mafuta mapya Alhamisi Kuu. Sheria iliruhusu kuongeza mafuta ya kawaida, mradi yawe machache kuliko yaliyobaki. Gaspar aliongeza, tone kwa tone, miaka kumi na miwili.

"Wee Gaspar, usije ukatupaka ya kukaangia dagaa!" majirani walimtania.

Sasa mkewe, Brites, alikuwa anakufa kwa homa, na aliomba kitu kimoja tu: apakwe mafuta. Padri Lourenço alipofika mlangoni na kunyoosha mkono apewe chupa, Gaspar hakuitoa.

"Padri, haya si matakatifu."

"Unasema nini wewe?"

"Yaliisha. Baridi ya mwaka juzi. Lilibaki tone, nikajaza kutoka mtungi wa jikoni."

Padri akaketi kizingitini. "Ungeniambia, mwanangu! Ningekwenda kusini kwa miguu, kwa yule askofu mzee aliyesalia."

"Siku kumi na mbili kwenda tu, Padri. Sikuwa nazo."

Padri aliingia, akamwungamisha Brites, akampa komunyo. Mafuta hakumpaka.

"Mbona kaondoka?" Brites aliuliza, akijaribu kucheka. "Au unayabania, mume wangu, hata kwangu mimi?"

Gaspar akapiga magoti, akamweleza yote. Brites alisikiliza akitazama paa.

"Mwaka juzi," akasema. "Kabla ya Inês au baada?"

Inês alikuwa binti yao. Alikufa akiwa na miaka tisa.

"Nilijaza kwa ajili yake. Padri alikuwa njiani, na wewe unalia unataka mtoto apakwe."

"Nilikubusu mikono siku ile, Gaspar."

Akageukia ukutani. Siku mbili zilizombakia, maji aliyapokea mikononi mwa jirani tu.