Jina Kwenye Mafaili

Fundi wa kompyuta hushika kipanya kama mkunga anavyoshika kichanga, na haigusi mashine kabla ya kuiamkia, "Shikamoo, mzee." Leo programu ya kusomea kumbukumbu za mfumo imekataa kufungua mafaili, na kazi za ofisi nzima zimelala. Amezima, amewasha, amepuliza vumbi, ameulaani waya usio na hatia.

"Wewe ni fundi au mganga?" bosi anamkejeli.

"Subira, mkuu."

Kosa analijua tangu asubuhi. Mafaili yamefungwa kwa jina la mwenzake waliyemzika juzi. Kuyafungua ni kulifuta jina hilo na kuweka lake. Anakitazama kiti kitupu kilicho kando yake. "Nisamehe, ndugu yangu," ananong'ona, kisha anabonyeza. Mistari ya kumbukumbu inamiminika kwenye skrini. Bosi anapiga makofi, peke yake.