Bonde la Ylva Lisilo na Mshale

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Ylva Brorsson kilikuwa soksi zake. Ofisini kwetu Skövde, nchini Sweden, kila mtu huacha viatu mlangoni, lakini soksi za Ylva peke yake zilikuwa zimelowa chapachapa na kunasa majani membamba ya misonobari, kwa kuwa huja kazini akikatiza msituni.

"Barabara si naijua tayari?" aliniambia, huku akizianika bila haya.

Kazi yake ni kuumba nchi. Tunatengeneza mchezo wa kompyuta wenye majitu, wachawi na mapango, na yeye ndiye anayeamua mlima ukae wapi na mto upinde wapi. Hapendi mchezaji aburutwe kama mbuzi. Humtegea tu mnara unaochungulia nyuma ya kilima, au ndege wanaoruka ghafla magugani, kisha huuachia udadisi kazi iliyobaki.

Kipenzi chake ni bonde moja lenye ziwa, alilolihangaikia majira yote ya baridi. Njia ya kulifikia ilipita kando ya kibanda chenye taa dirishani. Tulipoujaribu mchezo sisi kwa sisi, hakuna aliyelifikia. Henning, mkuu wetu, akakunja uso.

"Bonde lisiloonwa na mtu ni la nini, Ylva? Weka mshale unaong'aa wa kuonyesha njia, ama tulikate."

"Mshale! Kwa nini nisiwabebe mgongoni kabisa?"

"Sitanii. Alhamisi wanakuja wajaribu wa kutoka nje. Wakilikosa na wao, linaondoka."

Ylva akachukua kahawa yake, akaketi karibu na Algot, mtengeneza sauti wetu, akamwomba acheze tena. Algot akafika kibandani, akasimama, akageuka.

"Mbona unarudi?"

"Si kuna mtu anaishi pale? Taa inawaka."

"Algot! Una upanga mkononi. Sasa hivi umetoka kuua joka!"

"Joka ni joka. Uani kwa watu sipiti."

Ylva alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ndivyo tulivyolelewa huku: msitu ni wa wote, tembea utakako, chuma matunda, piga hema, ila ua wa nyumba ya mtu unauzunguka kwa mbali. Taa aliyoiweka kuwakaribisha watu ndiyo iliyowafukuza.

"Na mimi mwenyewe ningezunguka," alisema, akipangusa meza. "Mjinga gani huyu aliyeijenga njia hii?"

Akakihamishia kibanda ng'ambo ya mto, njia ikabaki wazi. Mshale hakuweka.

"Na wakilikosa tena?" Henning akauliza.

"Utalikata, na mimi nitalia chooni. Lakini mshale siweki."

Leo ndiyo Alhamisi. Mjaribu wa kwanza ni msichana aliyevaa kofia ya sufu, na Ylva amesimama nyuma yake, amekatazwa kusema neno, anatafuna mkono wa sweta. Henning amejifanya ana shughuli, lakini shingo yake imerefuka kama ya bata. Msichana amevuka kinamasi, amepanda ukingo, na sasa amefika njia panda: kulia ngome kubwa yenye bendera, kushoto kijia chembamba kinachoteremka bondeni.

"Kuna nini kule chini?" anauliza.

Hakuna anayeruhusiwa kumjibu. Mkono wake umetulia juu ya kipanya, na shingo ya Henning imezidi kurefuka.