Roketi Yangu na Uji wa Mama Mkwe

Wueh! Hii hadithi mke wangu akianza kuisimulia mbele za watu, mimi huwa naenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe wenyewe sina, kwa hivyo leo acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia ile yake yenye chumvi.

Mimi ni wa mji wa Maua, fundi wa simu, na wakati huo nilikuwa nimempenda Wawira, msichana wa Kianjokoma, kupenda kule kwa kukosa usingizi. Siku ya kwanza aliponipeleka kwao, babake, mwalimu mstaafu aliyependa bwawa lake la samaki kuliko watu, alikuwa anaangalia kwa simu video ya roketi ikishuka kutoka mawinguni na kusimama wima juu ya meli baharini. "Hii ni uongo," akasema. "Wamerusha tu, halafu wakarudisha video nyuma." Ningenyamaza! Ningekunywa chai yangu, jamani! Lakini mdomo ukajifungua: "Hapana mzee, inarudi kweli, hata mimi naweza kutengeneza ndogo isimame hapo kwa bwawa lako."

Akanitazama juu ya miwani. "Ilete siku utakayokuja na wazee wenu. Ikisimama, tutaongea mambo ya Wawira. Isiposimama, nitajua wewe ni mdomo tu."

Basi nikatengeneza: chupa ya soda, maji ndani, pampu ya baiskeli ya kujaza upepo mpaka iruke, miguu ya vijiti, na juu kabisa kitambaa cha mwavuli mkuukuu kilichokunjwa, kifunguke huko angani na kuishusha polepole. Meli ya kuelea bwawani ilikuwa mashina ya migomba yaliyofungwa pamoja na ubao juu yake. (Wawira aliichorea nanga ubavuni, tukacheka. Siku hizo tulicheka kila kitu.)

Shida ni kile kitambaa. Kilikataa kukaa kimekunjwa, na asubuhi ya safari, kwa haraka, nikakifunga kwa kamba ya mgomba. Sasa mtu aliyelelewa Maua akifunga miraa tangu utotoni, mkono wake unajua fundo moja tu, lile la bunda linalofika Nairobi bila kulegea.

Tukafika, mjomba wangu Kaberia akiongoza wazee. Majirani walikuwa wamejipanga kando ya bwawa, na Mama Wawira, na kitambaa chake cheupe cha kanisa kichwani, alikuwa anamimina uji wa wageni kutoka kwenye kibuyu. Nikapiga pampu. Fyuuu! Ikapanda, watu wakashangilia, mzee akainuka kitini na mkono kwenye paji la uso. Nikangoja kitambaa cha mwavuli kifunguke. Wapi! Roketi ikageuka kichwa chini, ikaikosa meli, ikalikosa bwawa lote, ikapiga kibuyu pwaa! na uji wote ukamwishia Mama Wawira usoni.

Ningesimama hapo tu, aibu ingekuwa ya kawaida. Lakini nilikimbia nikamshika bega, nikatoa hanchifu nikaanza kumpangusa uso, mimi, mtu aliyekuja kuposa, na huku kwetu mama mkwe humsogelei, hata mkono humpi! Wanawake wakapiga woooi, mama akakimbilia jikoni, na mjomba akajifunika uso kwa kofia. "Aterere, sikia Muthomi," akasema, "umetumaliza."

Nikamwangalia Wawira, analia. Nikajua nimemkosa. Mzee akaja polepole mpaka mbele yangu. "Mbona hukimbii?"

"Begi langu liko ndani, mzee."

Akacheka. Akacheka mpaka akatoa miwani, akapangusa macho, akasema, "Angalau hii najua haikurudishwa nyuma. Ingieni tuongee." (Mbuzi wa kumtuliza mama alikuwa juu yangu, bila shaka.)

Mzee alituacha mwaka jana, akiwa bado anabishia ile video. Bwawa limeota nyasi. Mimi nimeapa sitajisifu tena mbele ya wakwe, na kamba ya mgomba nimeiachia miraa. Lakini tukienda Kianjokoma, nikikaa pale kando ya bwawa, natamani mtu anirudishie siku ile nyuma kama mzee alivyosema, uji urudi kibuyuni, kitambaa cha mama kiwe cheupe, roketi irudi mikononi mwangu, na yeye aketi tena kwenye kiti chake akinitazama juu ya miwani. Na lile fundo, haki ya Mungu, ningelifunga vilevile.