Kibuyu cha Papasi

Dada yangu Apolinaria alimpikia Bwana Akbar, mwenye duka la nguo mjini Tabora, kwa miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo yote sikumwona akiogopa kitu ila kimoja tu: kulala mahali walipolala watu wengine. Hata fisi, dada alimrushia kijinga cha moto na kumtukana juu. Lakini mwonyeshe kibanda cha wasafiri, hata kiwe kimefagiwa vipi, anarudi nyuma. Mimi Katarina, mdogo wake, nilimcheka sana kwa hilo. Mdomo wangu mnaujua.

Sababu alikuwa nayo. Baba yetu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu njia nzima ya Ujiji, na wenzake aliwazika kambini kwa homa ya papasi. Papasi ni kijidudu cha kijivu, jamaa ya kupe, anakaa kwenye vumbi la sakafu. Ukilala anatoka, anakunyonya, anarudi zake, wewe huna habari. Homa inakuja baada ya wiki. Baba alishikilia kwamba papasi wa nyumbani kwako hawakudhuru, damu yako imewazoea, ila ukikaa muda bila kuumwa nao unakuwa mgeni, na wa kambini watakumaliza. Kwa hiyo kila safari alibeba wachache wa nyumbani ndani ya kibuyu kidogo na kuwapa mkono wake wanyonye. Dada akaishika desturi hiyo kama rozari.

Mwaka wa thelathini na tano, sikukuu ya Mfalme iliangukia Jumatatu. Bwana Akbar akasema atafunga duka tangu Jumamosi, akodi lori la Nassibu, ampeleke mkewe porini akapunge hewa. Mkewe, Shahida, alikuwa na mimba ya miezi saba. Miaka sita ya ndoa, na hiyo ndiyo ya kwanza. Hata kijiko kikidondoka jikoni watu walishtuka. Dada alikwenda kupika, mimi kufua.

"Siku tatu tu, dada," nikamwambia tulipokuwa tunafunga mizigo kwetu Ng'ambo. "Kibuyu cha nini?"

"Nyamaza, Katarina. Wewe hukumwona baba akizika watu."

Akakiviringisha ndani ya blanketi lake.

Nassibu alitupeleka upande wa magharibi, akasimamisha lori kwenye kambi moja ya zamani ya misafara. Kisima kipo, kivuli kipo, vibanda vitatu vimesimama, uwanja safi. Bwana Akbar akafurahi. "Hapa hapa! Shusheni mizigo."

Dada hakuomba ruhusa. Alishuka, akaingia kibanda cha kwanza, akachokoachokoa vumbi chini ya ukuta kwa kijiti, akatoka na kitu juu ya jani. Kilikuwa kinatembea.

"Bwana, mwenyeji wa hapa ndiye huyu. Kwa mwenye mimba, akiuma mmoja anachukua wawili."

Shahida akajishika tumbo. Tukapanda tena.

Pa pili dada alipakataa kwa sababu aliona mafiga ya zamani. Pa tatu palikuwa na kipande cha mkeka kilichooza. Nassibu akachoka. "Mama, unachagua kambi au mchumba?" Sote tukacheka, yeye hakucheka. Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika kwenye mchanga mweupe kando ya kijito, hakuna jivu, hakuna unyayo wa mtu. Akazunguka mara mbili, akapiga ishara ya msalaba. "Hapa."

Palikuwa pazuri, sitasema uongo. Jumapili mchana upepo wa baridi ukavuma, ule wa mwezi wa sita, na Shahida aliyekuwa amejilaza hemani akaniita. "Katarina, nasikia baridi." Dada alikuwa kijitoni anaosha mchele. Nikafungua mzigo wake, nikavuta blanketi, nikamfunika bibi wa watu mpaka mabegani. Kile kibuyu kilianguka, nikakitupia kapuni. Nilidhani nimetenda wema.

Jumatatu tulipokuwa tunafunga mizigo, dada akakitoa kapuni. Hakikuwa na kizibo. Akakipindua juu ya kiganja, akakigonga. Hakuna kitu.

"Katarina, blanketi langu lilikuwa wapi?"

Nikaonyesha hema kwa kidole. Hakunipiga, afadhali angenipiga. Alilichukua blanketi, akalikung'uta mbali na lori.

Njiani Shahida alikuwa akijikuna kifundo cha mguu. "Mbu wa huku wakali," akasema huku anacheka. Palikuwa na vidoa viwili vyekundu. Nilitazama nje mpaka tukafika mjini.

Jamani, mnajua kuhesabu siku kwa hofu? Jumanne, mzima. Alhamisi, mzima. Jumapili alikula vizuri, nikasema moyoni, Mama Maria ametusikia. Jumatatu jioni akashikwa na homa, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Jumanne daktari akaja, akasema ni malaria, akampa kwinini.

Usiku huo dada aliketi mlangoni na shuka mabegani. "Kesho nakwenda kumwambia Bwana Akbar. Kwinini haitoi homa hii. Hospitali wana sindano yake, lakini lazima wajue."

Hapo mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Kibuyu chenye wadudu, ndani ya blanketi, juu ya mwanamke mwenye mimba, mke wa tajiri! Nani angesema ni desturi ya wapagazi? Wangesema ni uchawi, na serikali ilikuwa inafunga watu kwa uchawi.

"Utasema nini?" nikamwambia. "Kwamba ulibeba wadudu kibuyuni? Utaozea gerezani! Nyamaza. Labda ni malaria kweli. Daktari ni wewe?"

"Katarina..."

"Nyamaza, nakuambia!"

Akanyamaza Jumatano nzima. Alipika uji ambao mgonjwa hakuugusa. Alhamisi alfajiri niliamka nikaona mkeka wake mtupu.

Alimkuta Bwana Akbar sebuleni, akapiga magoti, akaweka kibuyu mbele yake, akasema yote. Alisema yeye ndiye aliyelitandika lile blanketi. Jina langu hakulitaja. Bwana Akbar akamshika mkono, wakaenda mbio hospitali bila viatu, yeye na dada. Shahida akachukuliwa, damu yake ikatazamwa, wakaona kweli ni homa ya papasi. Akapigwa sindano. Magharibi mtoto akatoka, wa kiume, hakulia.

Shahida alipona. Polisi hawakuja. Siku arobaini zilipopita alimwita dada chumbani, na mimi nilikuwepo, nimebeba nguo za kupiga pasi.

"Dada Apolinaria," akasema, "daktari ameniambia ningekufa. Amesema mngewahi siku moja tu, hata mwanangu angeishi. Lakini wewe ulikuja ulipojua, hukujali kufungwa. Mwingine angenyamaza." Akamwekea kanga mpya mapajani.

Dada alitazama ile kanga. Nikangoja aseme. Kama angenitazama mara moja tu, ningeanguka pale pale na kusema kila kitu.

"Asante, bibi," akasema.

Tukarudi Ng'ambo. Dada ameishi miaka ishirini na miwili baada ya hapo, na tumelima pamoja, tumezika pamoja, tumegombania sufuria. Hajaniuliza hata siku moja habari ya ile Jumanne. Na mimi, mwenye mdomo huu, sikumwambia Shahida.